Mwenyekiti wa Jumamosi

Nilimwahidi Rehema kwamba nitamwandika Mwenyekiti mzima, si nusu yake. Tulikuwa tumesimama katika ukumbi wa uwanja wa ndege wa Guangzhou. Mama yake alikuwa kwenye foleni ya mizigo, naye, binti wa miaka kumi na mmoja, alinishika mkono wa shati akaniambia: "Kaka, ukiandika, usiandike lile kosa peke yake. Uandike na mkebe, na marobota, na vile Bibi Mwenyekiti alivyokuwa anatukaripia. Uandike yote." Nikamwambia nitaandika yote. Nilijua, wakati midomo yangu inatamka hivyo, kwamba ndani ya hayo yote limo jambo moja ambalo yeye hakulijua, nami sikuwa na ujasiri wa kumwambia kabla hajapanda ndege.

Sitaeleza Mwenyekiti alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani; hakupenda kuulizwa, nasi tulijifunza kutouliza. Alikuwa mama mfanyabiashara aliyetoka Lubumbashi, mwenye miaka mingi zaidi katika jiji hili kuliko yeyote kati yetu. Alinunua madaftari, kalamu na vitu vya kuchezea watoto katika maduka ya jumla ya barabara ya Yide Lu, na nguo kule Shisanhang, akavipakia katika makontena kupeleka kwao. Hakuna aliyempigia kura. Tulimwita Mwenyekiti kwa kuwa alizungumza wa kwanza, alizungumza wa mwisho, na kwa kuwa chumba kilikuwa chake.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo katika ghorofa ya nne, nyuma ya Yide Lu. Kila Jumamosi alasiri tulikutana humo, familia nane za Waafrika: Wakongo, Watanzania, Wakenya. Kilichotukutanisha ni kwamba kila familia ilikuwa na mtoto aliyechaguliwa kwa mtihani kuingia darasa la vipaji katika shule yake ya mtaani, darasa ambalo watoto hufundishwa hesabu na sayansi zinazozidi umri wao. Katika kila darasa la namna hiyo mtoto wetu alikuwa mweusi peke yake. Alikaa peke yake katika picha ya darasa, na mzazi wake alisimama peke yake getini. Kabla ya Mwenyekiti, kila familia iliamini kwamba hakuna nyingine iliyo katika hali yake. Mimi sikuwa na mtoto. Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili kwa ufadhili, nilisoma Kichina vizuri, na nilichukuliwa kuwa msomaji wa kundi. Yeye aliniita Profesa, na hakuna siku aliyolitamka neno hilo bila kejeli kidogo.

Namna alivyompata Mama Rehema inaonyesha namna alivyotupata wote. Mama Rehema, mwenyeji wa Tanga aliyekuwa akiwasindikiza wanunuzi katika masoko ya viatu ya Liuhua, alikuwa ameinama kwenye duka moja la Yide Lu akichagua mkebe wa vifaa vya hesabu. Mwenyekiti alisimama nyuma yake.

"Mama, ule mkebe ni wa kuuza kwenu ao ni wa mutoto?"

"Wa mtoto."

"Mutoto wa darasa gani mwenye anatumia bikari ya chuma namna ile?"

Mama Rehema aliniambia baadaye kwamba alidhani huyu ni mwizi wa mikoba. Alijibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri kosa, kwamba binti yake amewekwa katika darasa la vipaji na kwamba haelewi hata nusu ya anachoambiwa na shule. Mwenyekiti akamnyang'anya mkebe, akamgeukia mwenye duka, akaipigania bei kwa ukali kwa Kikantoni, Kichina cha mji huu, akamrudishia. "Voilà. Jumamosi unakuja kwangu. Muko wengi, hamujuani tu."

Sokoni alikuwa mtu wa kutisha. Neno la kawaida la mwenye duka, *laoban*, ni *meiyou*, yaani hakuna. Hakuna rangi hiyo, hakuna saizi hiyo, hakuna bei hiyo. Mwenyekiti alipoambiwa *meiyou* alivuta kigoda akakaa. Niliwahi kumwona akikaa hivyo mpaka mwenye duka akacheka mwenyewe, akapanda ngazi, akashuka na katoni aliyosema haipo. "Laoban akisema *meiyou*, Profesa, ndiyo mazungumzo yanaanza," aliniambia. Wazazi aliwatia moyo kwa maneno hayohayo kila shule ilipowajibu vibaya.

Alikataza watoto wasisifiwe. Mzazi akisema mwanangu ana akili, alikatwa kauli papo hapo. "Akili ni ya Mungu. Sema amefanya kazi." Alisahihisha hesabu zao kwa uso uliokunjwa, akarudisha karatasi bila neno, na mtoto aliyepata zote aliulizwa kwa nini mwandiko ni mbaya. Hata hivyo, siku moja nilipotumwa kutafuta hati ya mzigo katika majalada yake, nilikuta, katikati ya ankara za madaftari na hati za meli, nakala za mitihani ya watoto wote wanane, kila karatasi ndani ya mfuko wake wa plastiki, nyuma yake ameandika jina la mtoto na neno moja la Kifaransa. Ya Rehema ilikuwa imeandikwa *lumière*, yaani nuru. Nililirudisha jalada mahali pake na sikumwambia nimeona.

Hakumaliza shule, na hilo hakulificha. Lakini aliwafundisha hesabu kwa njia ambayo mimi na vyeti vyangu nisingeibuni. Aliwapa watoto vipimo vya kontena na orodha ya katoni: za madaftari nzito, za midoli nyepesi, za mabegi zisizopenda kubanwa. Akawaambia wapange mzigo ambao hautabaki na hewa ndani na hautavunja kitu. Watoto walikaa juu ya marobota ya jinzi, wakichora, wakigombana kwa Kichina, na yeye akiwapigia kelele: "Hapa ndani tunasema Kiswahili! Kichina mutasema kule kwenye banawafundisha!" Yeye mwenyewe, dakika ile ile, alikuwa akigombana kwa simu na dereva wa lori kwa Kikantoni. Watoto wakicheka, alijifanya hajui wanacheka nini.

Aliulizwa mara nyingi kwa nini alianzisha kundi ilhali yeye mwenyewe hana mtoto shuleni hapa. Wanawe wamekulia Lubumbashi na sasa ni watu wazima. Mimi aliniambia ni kwa sababu ya biashara, wazazi wengi ni wateja. Baba Imani, Mkenya wakala wa mizigo, aliambiwa ni amri ya mchungaji. Mama Rehema aliambiwa kwamba kijana wake wa pili alikuwa wa kwanza darasani miaka yote, akaacha shule, na hapakuwa na mtu wa kumwambia arudi, kwa kuwa mama alikuwa Guangzhou ananunua kalamu. Sijui jibu lipi lilikuwa la kweli. Naamini hili la mwisho, kwa kuwa alilisema mara moja tu.

Muhula wa kwanza wa Rehema katika darasa la vipaji, alipata alama zote katika mtihani wa hesabu, na mwalimu mmoja akaona haiwezekani. Akamkalisha peke yake katika ofisi ya walimu, akampa mtihani uleule upya. Mama yake alipotusimulia Jumamosi alikuwa akilia, na wanaume wawili walikuwa tayari wamesimama wakitaka kwenda shuleni siku hiyohiyo. Mwenyekiti aliwaamuru wakae, akamwita mtoto.

"Rehema. Swali la mwisho, mara ya pili ulilifanya namna ileile?"

"Hapana, Bibi. Mara ya pili nilipata njia fupi."

Mwenyekiti alicheka mpaka akalazimika kukaa juu ya robota. Kisha akatugeuzia mgongo, akakaa hivyo muda mrefu akijifuta uso kwa khanga. Siku ya matokeo iliyofuata, familia zote nane zilikwenda kusimama katika geti la shule ya Rehema, baba wamevaa suti, mama wamevaa vitenge, wote kimya. Hatukudai lolote. Mwalimu yule alitoka, akatutazama, akatuamkia mmoja mmoja. Tangu hapo ikawa desturi: hakuna mtoto wetu anayekwenda kutazama matokeo yake na mzazi mmoja tu.

Desturi ya pili ilizaliwa na kicheko. Shule za hapa huwasiliana na wazazi kwa simu, katika kundi la darasa, na matangazo hushuka kama mvua: sare, chanjo, ada ya chakula, mazoezi. Baba Imani alisoma mawili kwa haraka akachanganya siku zake. Siku ya mtihani wa mchujo alimpeleka mwanawe shuleni akiwa amevaa mabawa ya kipepeo ya karatasi, akidhani ni siku ya maigizo. Imani alifanya mtihani wote na mabawa yake, kwa sababu yalikuwa yameshonwa kwenye shati.

"Na alipita!" Baba Imani alijitetea. "Si mseme pia hiyo. Alipita na mabawa."

"Alipita kwa sababu alipaa," alisema mtu, na stoo nzima ikaangua kicheko.

Mwenyekiti alicheka pia, kisha akainua kidole. "Leo tumecheka. Kesho ni kilio. Kuanzia leo hakuna mutu anasoma tangazo peke yake. Tangazo ikifika, unajibu *shoudao*, nimepokea, kama baba na mama ya Kichina banajibu. Unaituma kwa Profesa. Profesa naye haisomi mpaka Jumamosi. Tunaisoma wote, kwa sauti, mbele ya wote. Ukisoma peke yako, unabeba peke yako."

Niliipenda sheria hiyo kuliko mtu yeyote. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na nilikuwa nimesoma mengi juu ya umoja bila kuuona. Sasa niliuona kila wiki: watu waliotoka nchi tatu, kila mmoja akiwa na aibu yake ya kutoelewa, wameiweka aibu hiyo mezani pamoja. Niliandika insha ndefu chuoni kuisifia. Profesa wangu halisi aliniuliza pembeni ya karatasi, kwa kalamu nyekundu: na likiwa la haraka? Niliona swali hilo ni la mtu asiyetujua.

Tangazo la Rehema lilifika siku ya Jumanne. Mama yake, aliyekuwa Liuhua katikati ya wanunuzi waliotoka nyumbani, alijibu *shoudao* na kunitumia. Jumatano, nikiwa maktaba, kidole changu kililifungua. Niliona ni refu, niliona linahusu darasa la vipaji la mwaka unaofuata, nikakumbuka sheria, nikalifunga. Hata nilijisikia vizuri kwa kulifunga. Nilijiona mtu mwaminifu.

Jumamosi nilisimama mbele ya wote nikaanza kutafsiri kwa sauti. Wazazi wanaotaka mtoto abaki katika darasa la vipaji walete nakala ya kibali cha ukaazi kilichohuishwa. Mama Rehema aliitikia kwa kichwa kwa furaha. Kibali chake kilikuwa kimetoka mwezi uleule na kilikuwa ndani ya mkoba wake. Nikaendelea. Nakala ipokewe ofisini kabla ya saa sita mchana, siku ya Ijumaa. Asiyeleta atahesabiwa kuwa ameiacha nafasi.

Nilishusha simu.

"Ijumaa ipi, Profesa?" aliuliza Mama Rehema.

"Ya jana."

Rehema, aliyekuwa juu ya marobota na karatasi ya kontena magotini, aliendelea kuchora kwa muda kidogo, kisha akaacha. Mama yake alifungua mkoba, akatoa kibali, akakiangalia kama mtu anayetafuta kosa ndani yake. Hatimaye akamtazama Mwenyekiti. "Ningelisoma mwenyewe, Mama. Hata kwa simu. Ningelielewa neno Ijumaa."

Mwenyekiti alisema, "Ni miye. Ni sheria yangu."

Hapo ndipo ilinipasa kusema kwamba nililifungua Jumatano. Sikusema. Nilikuwa nimeshika simu mkononi, na kila mtu alikuwa akimtazama yeye.

Jumatatu tulikwenda shuleni watu watatu: Mwenyekiti, Mama Rehema na mimi. Ofisa aliyetupokea alikuwa kijana mpole, alitumiminia maji ya moto katika vikombe vya karatasi. Alisema anasikitika, anamkumbuka Rehema, lakini nafasi imeshapewa mtoto mwingine jioni ya Ijumaa. Mwenyekiti aliuliza kama kuna nafasi nyingine. *Meiyou*, akasema kijana. Mwenyekiti akavuta kiti akakaa. Tukakaa naye. Kijana hakucheka wala hakupanda ngazi yoyote. Alitoka, akarudi, akatuongezea maji, akasema tena kwa upole uleule. Kabla ya saa ya chakula Mwenyekiti alijaribu kupiga magoti, na Mama Rehema ndiye aliyemzuia kwa kumshika chini ya kwapa, akisema, "Usifanye hivyo mbele yao. Usinifanyie na hilo."

Baada ya siku hiyo Mama Rehema hakuja tena Yide Lu. Wengine walianza kusoma matangazo yao wenyewe, wakikosea na kupatia, na walipopatia hawakuona sababu ya kupanda ghorofa nne. Baba Imani alibaki wa mwisho. "Mathe, watu ni kama wamechoka," alisema, akitazama marobota yasiyo na watoto. Mwenyekiti alimjibu kwamba watu hawajachoka, wameogopa, na kwamba wana haki. Rehema alihamishiwa darasa la kawaida. Muhula ulipoisha, mama yake akaona kwamba kama ni darasa la kawaida, basi mtoto akasome kwa bibi yake Tanga, ambako angalau hatakuwa peke yake katika picha. Ndiyo safari niliyowasindikiza.

Nilimwona Mwenyekiti miezi kadhaa baadaye, asubuhi, Shisanhang, katikati ya msukumano wa vikokoteni na mifuko myeusi. Alikuwa ameinua koti la mtoto kwenye mwanga, akivuta mishono yake kwa vidole. Aliniona kabla sijaamua kama nijitokeze.

"Profesa. Umekonda."

"Shikamoo, Mama Mwenyekiti."

"Usiniite vile. Mwenyekiti wa nani?" Akalikunja koti. "Mutoto eko nasoma?"

Nikamweleza. Nilikuwa nimezungumza na Rehema kwa simu wiki hiyo. Anasoma, ana marafiki, ni wa kwanza darasani bila kujitahidi. Aliniambia kwamba tangu afike hakuna mtu aliyempa hesabu iliyomshinda, na kwamba siku hizi akimaliza analala juu ya dawati akisubiri wenzake.

Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukubadilika, ila vidole vyake vilirudi kwenye mshono wa koti vikaanza tena kuuvuta.

"Mama," nikasema, "lile tangazo nililifungua. Siku ya Jumatano. Niliona ni la darasa la vipaji, nikalifunga."

"Jumatano."

"Ndiyo."

"Uliona Ijumaa?"

"Sikufika hapo. Niliona ni refu. Nikasema sheria ni Jumamosi."

Mwenye duka alimwuliza kitu kuhusu idadi ya makoti. Hakumjibu. Watu walipita kati yetu na mizigo, ikatubidi tusogee, na tulipokaribiana tena nilisubiri anikaripie kama alivyowakaripia watoto. Ningefurahi angefanya hivyo.

"Siku zile," alisema polepole, "minasimama mbele ya ule mama peke yangu. Jumatatu minataka kupiga magoti peke yangu. Na weye uko pale na simu mukononi." Akaliweka koti chini. "Hasira haiko juu ya Jumatano, Profesa. Jumatano ulitii. Lakini Jumamosi ungesema. Tungekuwa wawili."

Kisha akamgeukia mwenye duka, akataja idadi ya makoti, akakubali bei ya kwanza aliyoambiwa. Sikuwahi kumwona akikubali bei ya kwanza. Nikasimama pale mpaka mizigo ikafungwa na kubebwa, naye akaifuata bila kuniaga.

Nimempigia simu Mama Rehema nikamwambia. Alisema ahsante, akakata. Rehema nitamwambia mwenyewe; maandishi haya anayoyasubiri ndiyo yatakayomfikia.

Wewe unayesoma, naomba jambo moja. Kama kwenye simu yako lipo tangazo la mtoto wa mwenzako, ulilotumiwa ulisome kwa niaba yake, yaache haya yangu sasa ulifungue lile. Lisome mpaka mwisho. Mpigie mzazi wake leo.